Ziara Fupi za Watoto wa Chekechea: Mafunzo kutoka Kitui na Makueni



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mamaye hali hajui lolote, kisha akamjaalia masikio, macho na moyo ili apate kujua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio walimu wa kwanza wa umma huu, juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya ziara za watoto wadogo wa chekechea. Tumechagua kuwatazama watoto wa Kiislamu walioko Kitui na Makueni, kwa kuwa wengi wao ni damu yetu, na kwa kuwa hali yao inatufundisha jambo linalotuhusu sisi sote, tuwe Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga.

Kila mwaka unapokaribia kwisha, shule nyingi za chekechea za bara huwaandikia wazazi barua ya safari. Watoto watapelekwa Mombasa wakaione bahari, au Nairobi wakawaone wanyama, na kila mzazi atoe kiasi fulani cha fedha. Mwenye uwezo hutoa. Asiye na uwezo humwambia mwanawe kwamba safari imeahirishwa, na asubuhi ile humfungia ndani asije akaliona basi likipita na wenzake. Yule aliyekwenda naye huketi garini tangu alfajiri, akalala njia nzima, akaamka kwenye umati wa watu na jua kali, kisha akarejea usiku amechoka. Ukimuuliza ameona nini, hukutajia soda aliyokunywa.

Na wakati huo huo, hatua chache kutoka lango la shule yake, upo mto wa mchanga ambao hajapata kupelekwa na mwalimu wake hata siku moja. Upo msikiti ambao fundi anautengeneza paa. Lipo soko analopita kila siku mgongoni mwa mama bila ya kuulizwa swali.

Kauli yetu ni hii: kwa mtoto wa miaka minne au mitano, ziara yenye elimu ni ile iliyo karibu, iliyo fupi, inayoandaliwa kabla na kuendelezwa baada, na ambayo hakuna mtoto anayeachwa nyumbani kwa sababu ya umasikini wa wazazi wake.

Asili ya jambo hili katika dini yetu

Wako watakaodhani kwamba kumtoa mtoto nje ya chuo ni mambo mapya ya kigeni. Sivyo. Mwanadamu wa kwanza kufunzwa namna ya kumsitiri maiti alifunzwa na kunguru. Kisa cha wana wawili wa Adam kinajulikana katika kila nyumba ya Kiislamu: Mwenyezi Mungu alimtuma ndege akafukua ardhi mbele ya macho ya yule mkosefu, naye akajifunza kwa kutazama.

Abdallah bin Abbas (r.a.) alikuwa kijana mdogo alipopewa wasia ule mashuhuri wa kumhifadhi Mwenyezi Mungu ili naye amhifadhi, na alipewa akiwa amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya mnyama, wako safarini. Na ndugu mdogo wa Anas bin Malik, yule aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kijindege chake. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma aliyoibeba, alikuwa akisimama kumuuliza mtoto huyo habari za ndege wake. Hebu tulizingatie jambo hilo. Alimuuliza juu ya kitu kilichokuwa mbele ya macho yake, kitu anachokijua na kukipenda, na kwa njia hiyo akakiheshimu kipimo cha akili yake.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya malezi ya watoto alihimiza mtoto apewe nafasi ya kucheza mchezo mzuri baada ya masomo, akaonya kwamba kumbana daima kwa kusoma huufisha moyo wake. Hao ndio wazee wetu. Aliyeyafunga madirisha ya chuo si wao.

Pwani yetu nayo ina sifa yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Mombasa walishirikiana na Wakfu wa Aga Khan wakaanzisha mpango wa chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa walimu waliouasisi na kuulea. Mpango huo baadaye ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Mojawapo ya misingi yake ilikuwa kutumia vitu vya mazingira ya mtoto: vifuu, kombe za pwani, mbegu, makuti na vizibo. Walimu walifahamu kwamba mtoto anayepanga kombe kumi kwa mkono wake amezijua kumi kuliko yule anayeimba moja hadi kumi kwa ulimi tu.

Kwa nini Kitui na Makueni

Huenda msomaji akauliza, Ukambani na sisi watu wa mwambao tuna nini? Tuna mengi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka na pembe hadi Mombasa, na Kivoi wa Kitui alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wao wakubwa. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, iliwachukua Waislamu wengi, mafundi na wachuuzi, hadi Kibwezi, Makindu na kwingineko. Na anayepita katika mji wa Sultan Hamud akumbuke kwamba umeitwa kwa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1896 hadi 1902.

Hadi leo katika mji wa Kitui, Mwingi, Kibwezi na Mtito Andei wako Waislamu wenye misikiti na vyuo. Lakini ni wachache kati ya majirani walio wengi, na kwa sababu hiyo mzazi wa huko huwa na khofu mara mbili: khofu ya mtoto kuipoteza dini yake, na khofu ya mtoto kubaki nyuma katika elimu ya dunia. Matokeo yake, mtoto hufungiwa darasani asubuhi akariri herufi za Kizungu, na alasiri afungiwe chuoni akariri herufi za Kiarabu. Jicho lake halipati zamu.

Sheria ya nchi haituzuii katika jambo hili, inatusaidia. Katiba ya mwaka 2010 imeiweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, yaani karibu na wananchi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, umeigawa chekechea katika miaka miwili, PP1 kwa watoto wa miaka minne na PP2 kwa watoto wa miaka mitano, na ndani yake yamo mazoezi ya lugha, ya hisabati, ya mazingira, ya ubunifu na ya dini. Mwalimu anayewatoa watoto nje kutazama mazingira yao huwa anautekeleza mtaala. Na mwalimu wa dini anayetoka pamoja naye huwa anautekeleza upande wake wa mtaala huo huo.

Mto wa mchanga

Tuanze na mto. Mito mingi ya Kitui na Makueni, kama Kalundu na Thua kwa upande mmoja, na Kaiti na Thwake kwa upande mwingine, hujaa maji kwa siku chache za mvua, kisha hukauka ukabaki mchanga mtupu. Mgeni kutoka pwani akiuona hudhani mto umekufa. Wenyeji wanajua kwamba maji yamejificha chini.

Kwa kulijua hilo, watu wa Ukambani wamekuwa wakijenga malambo ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mahali penye mwamba. Mafuriko yakija huleta mchanga, nao hujazana nyuma ya ukuta mwaka baada ya mwaka. Maji huingia kati ya chembe za mchanga na kukaa humo, jua lisiweze kuyanyonya yote kama linavyolinyonya ziwa lililo wazi. Katika kila ndoo nne za mchanga uliolowa hivyo, ndoo moja au zaidi kidogo huwa ni maji. Huko Kitui malambo ya namna hii yamejengwa kwa mamia tangu miaka ya 1990, na mengi yalijengwa kwa mwethya, ndiyo desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika kufanya kazi ya pamoja bila ya ujira.

Sasa mchukue mtoto wa miaka mitano ukampeleke hapo wakati wa kiangazi. Mwambie achimbe kwa kifuu au kwa kikombe. Mchanga wa juu ni mkavu na una joto. Wa chini yake una baridi. Wa chini zaidi umelowa na unashikana. Kisha, polepole, kishimo kinaanza kukusanya maji. Mtoto atapiga ukelele wa furaha, na kwa ukelele huo amejifunza kavu na majimaji, joto na baridi, juu na chini, haraka na polepole, mambo manne ambayo mwalimu angeyaandika ubaoni kwa juma zima.

Na mwalimu wa dini hapo asinyamaze. Ndipo mahali pa kusimulia kisa cha Bi Hajar na mwanawe Ismail, alivyokimbia baina ya Safa na Marwa akitafuta maji katika bonde kavu, hata yakabubujika pale ambapo mwanadamu hakuyatarajia. Mtoto wa Mombasa anayesimuliwa kisa hiki chini ya feni huuona mji wa mbali. Mtoto wa Kitui aliyepiga magoti mchangani anamwona Bi Hajar. Ndipo pia mahali pa kumfunza udhu kwa maji machache na kumwonyesha ubaya wa israfu, kwa sababu maji ya kishimo chake ameyangoja mwenyewe. Na herufi nazo hupata maana: raa ni ya raml, mchanga, miim ni ya maa, maji, shiin ni ya shajar, mti ulioko ukingoni.

Soko la mbaazi na maembe

Ziara ya pili ni sokoni. Sisi wa pwani tunakula mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, lakini ni wangapi katika watoto wetu wanaojua zinatoka wapi? Sehemu kubwa ya mbaazi za Kenya hulimwa Machakos, Kitui na Makueni. Wakamba huziita nzuu. Pojo nazo, ambazo huko huitwa ndengu, ni zao la ardhi hiyo hiyo isiyo na mvua nyingi. Na Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa maembe, hata serikali yake ikajenga kiwanda cha kusindika matunda pale Kalamba. Katika maembe yanayopandwa huko limo ngowe, embe ambalo asili yake ni kwetu mwambao.

Watoto wakifika soko la Kalundu mjini Kitui, au soko la Wote, wasipelekwe sokoni kote. Wapelekwe kwa mama mmoja aliyekwisha kuombwa ruhusa, na mapema, kabla wateja hawajajaa. Wamwamkie kwa adabu. Wamtazame akipima kwa kopo, ajaze, asawazishe juu kwa kiganja. Kila mtoto atie mkono ndani ya gunia la pojo, kisha la mbaazi, afumbe macho na aseme ipi ni ipi. Wanunue kikopo kimoja kwa fedha zilizokusanywa na chuo, wazihesabu sarafu, wapokee chenji.

Hapo mna hisabati ya kutosha kwa siku nyingi: kubwa na ndogo, nzito na nyepesi, nyingi na chache, kuainisha kwa rangi na kwa umbo. Mna lugha pia, kwa kuwa mtoto anakitaja kitu kimoja kwa Kiswahili, kwa Kikamba na kwa Kiingereza, na mtaala wenyewe unahimiza lugha ya eneo itumike katika miaka hii ya mwanzo. Na mna dini. Mtoto aliyeliona kopo likisawazishwa kwa haki ataelewa kwa nini Qur'ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo.

Liko jambo jingine, nalo ni zito. Mama yule wa sokoni huenda si Mwislamu. Watoto wanapomsalimia, wanapomshukuru, naye anapowaombea heri, huwa wamefunzwa haki ya jirani kwa vitendo. Katika miji ambayo Waislamu ni wachache, mtoto anayelelewa akiwaogopa majirani atakua bila ya nguvu ya kukaa nao kwa wema, wala hataweza kuwaonyesha uzuri wa dini yake. Tunapendekeza na chuo chenyewe kifungue mlango siku moja, watoto wa chekechea ya jirani waalikwe kuja kuuona msikiti, waone mahali pa udhu, wamsikie muadhini, wale tende. Aliyetembelewa naye atembelee.

Mbuyu na mikono ya wasusi

Njia yote kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei, na katika sehemu nyingi za kusini mwa Kitui, imesimama mibuyu mikubwa. Watoto wetu wa Mombasa hununua mabuyu ya rangi nyekundu wakayafyonza hadi midomo ikaiva, lakini wengi hawajui kwamba asili yake ni tunda la mti huu. Mbuyu mmoja unatosha kwa ziara nzima. Watoto washikane mikono kuuzunguka: ni wangapi wanatosha kulifikia duara? Wapapase gome lake. Waokote majani au tunda lililoanguka. Waambiwe kwamba mti ule huweka maji ndani ya shina lake, na kwamba huenda ulikuwapo kabla ya babu wa babu zao.

Akina mama wa Ukambani nao ni mashuhuri kwa kusuka vyondo vya katani. Mama mmoja anayesuka barazani kwake ni mwalimu wa hisabati asiyejitambua: mstari mwekundu, mstari mweusi, mwekundu, mweusi, mtoto akiulizwa ni rangi gani itakayofuata, amekwisha kuingia katika elimu ya mpangilio. Wachongaji wa mbao pia ni wengi Ukambani. Kwa kuwa wazazi wetu huona uzito juu ya sanamu za viumbe wenye roho, tunashauri watoto wapelekwe kwa fundi anayechonga miiko, mabakuli na vigoda. Watazame gogo likigeuka kuwa mwiko ule ule anaousongea ugali mama yao.

Kabla, wakati na baada

Ziara isiyoandaliwa ni matembezi tu. Matembezi si haramu, lakini hayatoshi. Tunapendekeza utaratibu ufuatao.

Siku moja au mbili kabla, mwalimu awaketishe watoto awaulize wanalolijua. Maji ya nyumbani kwenu hutoka wapi? Nani huyachota? Mnadhani chini ya mchanga kuna nini? Majibu yao, hata yakiwa ya kuchekesha, yasisahihishwe. Yawekwe. Mto wenyewe utasahihisha.

Wakati wa ziara, mwalimu ashike jambo moja. Ikiwa ni maji, iwe maji. Akitaka kuwaonyesha maji, mawe, ndege, mchwa na daraja kwa asubuhi moja, watoto watarudi na mkanganyiko. Muda usizidi saa moja na nusu pamoja na mwendo, kwa kuwa mguu wa mtoto una kikomo na akili yake ina kikomo kifupi zaidi. Na mwalimu apunguze maneno. Aulize, kisha angoje. Kungoja jibu la mtoto ni ibada ya subira.

Baada ya ziara ndipo kazi kubwa ilipo. Siku ya pili watoto wachore walichokiona. Mwalimu aweke makopo mawili, moja lina mchanga na jingine tupu, atie maji kiasi kile kile katika kila kopo na kuyaacha juani, watoto wawe wakiyatazama kila asubuhi hata waone lipi linakauka upesi. Mbaazi walizonunua zipandwe katika makopo, nyingine zihesabiwe, nyingine zipikwe na kuliwa pamoja. Baada ya mwezi au miwili wapelekwe tena mahali pale pale. Usiogope kwamba watachoka na mahali wanapopajua. Mtoto hufurahi kurudi, kwa kuwa safari ya pili ndiyo anayoyaona yale yaliyompita safari ya kwanza.

Na wewe mama, zamu yako ni usiku. Usimuulize mwanao, "Umejifunza nini leo?" kwa kuwa swali hilo ni la watu wazima. Muulize, "Umeshika nini? Kilikuwa na baridi? Nani alikuwa karibu nawe?" Mwache asimulie mpaka mwisho, hata akirudia. Mtoto anayesimulia anapanga maneno, na anayepanga maneno leo ndiye atakayeandika kesho. Baba naye asiseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Ibn Abbas hakufunzwa na mama peke yake.

Amana ya roho za watoto

Pamoja na sifa zote tulizozitaja, hakuna elimu inayostahiki kununuliwa kwa uhai wa mtoto. Mwezi Desemba mwaka 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi lililokuwa limewabeba watu waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuuvuka mto Enziu uliofurika, nalo likasombwa. Watu zaidi ya 30 walikufa, na ndani yao walikuwamo watoto. Mto ule ule ambao wakati wa kiangazi ni uwanja wa mchanga, wakati wa mvua ni mauti yanayopita kwa kasi.

Kwa hiyo ziara ya mtoni ifanywe wakati wa kiangazi tu, na muhula wa pili, mwezi wa Juni na Julai, ndio unaofaa zaidi. Mvua za Oktoba hadi Desemba na za Machi hadi Mei zikianza, mto uachwe. Hata mbingu ikiwa safi mahali mlipo, mkisikia kwamba mvua imenyesha milimani juu, msishuke. Maji husafiri kuliko mawingu. Kishimo kilichochimbwa na watoto kifukiwe kabla ya kuondoka, na mashimo makubwa ya kuchotea maji yaangaliwe na mtu mzima kabla watoto hawajafika.

Mengineyo ni haya. Mwalimu aende mahali hapo peke yake siku iliyotangulia. Mzazi aarifiwe kwa maandishi au kwa ujumbe wa simu, naye atoe idhini. Kila watoto watano wawe na mtu mzima mmoja, na hapo ndipo akina mama na nyanya wanapohitajika. Watoto wahesabiwe wakitoka, wakifika, wakiondoka na wakirudi. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi isivukwe kwa miguu kwa sababu ya ziara, liwalo na liwe. Chuo kilicho upande huu kitafute mafunzo ya upande huu. Maji ya kunywa yachukuliwe, viatu vivaliwe kwa ajili ya miiba na nge, na mizinga ya nyuki iachwe mbali. Asali na itazamwe ndani ya chupa.

Na mtoto mwenye ulemavu asiachwe nyuma. Kama hawezi kutembea, mahali pachaguliwe anapoweza kufikishwa, nao wenzake watembee kwa kipimo chake. Ziara inayomwacha mtoto mmoja dirishani imekwisha kuwafunza wale wengine funzo baya.

Wanaosema ni kupoteza wakati

Wako ndugu zetu watakaosema kwamba mtoto ameletwa chuoni kuhifadhi Qur'ani, na saa moja ya mtoni ni saa moja iliyopotea. Tunaitambua ghera yao na tunaiheshimu. Lakini Qur'ani yenyewe imewaelekeza waja mara nyingi wamtazame ngamia, mbingu, milima na ardhi, wamtafakari nyuki na buibui, wautazame mmea unavyotoka katika ardhi iliyokufa. Mtoto anayehifadhi maneno haya bila ya kupata kuona ardhi kavu ikichipuka amepewa ufunguo asioonyeshwa mlango. Ziara mbili katika mwezi hazitaipunguza hifadhi yake. Huenda zikaitia mizizi.

Wengine watasema hawana fedha. Hilo ndilo jibu lililo jepesi kuliko yote, kwa kuwa mto haulipishi kiingilio, wala mbuyu. Fedha ambayo wazazi kumi wangeitoa kwa safari moja ya basi inatosha kununua mbaazi, makopo, karatasi na kalamu za rangi za mwaka mzima kwa watoto wote, pamoja na yule ambaye mama yake humfungia ndani siku ya safari.

Hatusemi kwamba mtoto wa Kitui asiione bahari. Aione, inshaallah, akiwa na umri wa kuielewa, na ikiwezekana pamoja na wazazi wake. Nao watoto wa pwani, wanaposafiri kwa treni kwenda Nairobi wakapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, wazazi wao wawainue dirishani wawaonyeshe: ule ni mbuyu, ule ni mto wa mchanga, na chini yake mna maji.

Ombi letu

Kwa akina mama wa Kitui na Makueni, na kwa kila mama anayetusoma, ombi letu ni dogo. Baada ya sala ya Ijumaa ijayo, wazazi watatu au wanne wa chuo kimoja wakutane na mwalimu wao. Wachague mahali pamoja tu ambapo mtoto anaweza kufika kwa miguu yake na kurudi kabla ya adhuhuri. Wapange nani ataongoza, nani atahesabu watoto, nani atabeba maji. Wasingoje barua ya serikali wala mfadhili kutoka mbali. Malambo ya Ukambani yalijengwa na majirani waliobeba mawe kwa mikono yao, na leo watoto wanakunywa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu macho yanayozingatia na nyoyo zinazoshukuru, awahifadhi katika njia zao zote, na awalipe kheri walimu wao na mama zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.